Mwongozo wa Kuomba Huduma ya Umisionari Katika Maeneo ya Kihistoria ya Kanisa Baada ya Mabadiliko ya Miaka ya Karibuni

Maswali yanayoulizwa na waumini wa Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi, pamoja na ndugu zetu wanaoishi Utah na Texas, yanafanana kiasi kwamba ni afadhali yajibiwe kwa maandishi mara moja. Je, bado mtu anaweza kwenda Nauvoo, huko Illinois, kwa miezi sita tu? Je, lile igizo kubwa la Kilima cha Kumora lingali linahitaji watu wa kujitolea? Je, mtu anaweza kuchagua Palmyra, huko New York, karibu na kilima hicho? Wengi wanaouliza wamesikia habari hizi kwa jamaa aliyehudumu zamani, na sehemu kubwa ya aliyowasimulia haipo tena.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hasa wanandoa wasio na watoto wadogo wanaowategemea nyumbani, na dada waseja wenye miaka 40 au zaidi, wanaotaka kuhudumu kwa kujitolea katika maeneo ya kihistoria ya Kanisa huko Marekani. Kijana anayejiandaa kwa misheni ya kawaida ana njia yake, nayo imeelezwa kwa ufupi katika hatua ya tatu.

Mabadiliko yanayokuhusu

Sitasimulia kila kilichobadilika, bali yale tu yanayogusa maombi yako.

Kuhusu muda, kuanzia Septemba 2011 wanandoa waliruhusiwa kuhudumu kwa miezi 6, 12, 18 au 23, na Kanisa likaweka kikomo cha gharama ya makazi ambacho wakati huo kilikuwa dola 1,400 kwa mwezi. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo usipange bajeti kwa kutumia tarakimu hiyo bila kuuliza ya sasa. Vilevile anayehudumu nje ya nchi yake kwa muda usiofika miezi 18 alitakiwa kujilipia nauli ya kwenda na kurudi, na kwa mtu anayetoka Mombasa au Bukavu sharti hilo ni zito kuliko lilivyo kwa mtu anayetoka Idaho.

Kuhusu maigizo ya hadharani, Oktoba 2018 Kanisa lilitangaza kwamba maigizo makubwa hayatahimizwa tena. Igizo la Kilima cha Kumora, lililoanza mwaka 1937, lilionyeshwa mara ya mwisho mwaka 2019, kwa kuwa maonyesho ya kuagana yaliyopangwa baadaye yalifutwa kwa sababu ya janga la korona. Igizo la Nauvoo lilibakizwa. Ukimsikia mtu akikuahidi nafasi katika igizo la Kumora, elewa kwamba anasimulia habari za zamani.

Machi 2020 vituo vya wageni na maeneo ya kihistoria vilifungwa, na wamisionari wengi wakarudishwa makwao. Wengine walianza kuongoza ziara kwa njia ya video, mmisionari akiwa ndani ya jengo na wageni wakiwa majumbani mwao. Ziara hizo zilisaidia kiasi kwamba zimeendelea hata baada ya milango kufunguliwa, ndiyo maana leo uwezo wa kuzungumza mbele ya kamera ni sehemu ya kazi.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja tarehe 5 Machi 2024, Kanisa lilipotangaza kwamba limenunua Hekalu la Kirtland, huko Ohio, kutoka Jumuiya ya Kristo, kanisa jingine, pamoja na majengo kadhaa ya Nauvoo, yakiwemo nyumba ya familia ya Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, Mansion House na Duka la Matofali Mekundu, kwa dola milioni 192.5. Hekalu la Kirtland lilifunguliwa tena kwa wageni tarehe 25 mwezi huohuo, safari hii bila kiingilio. Majengo yaliyokuwa na waongozaji wa kanisa jingine kwa vizazi vingi sasa yanahitaji waongozaji wetu, na hii ni fursa ambayo waombaji wa Afrika Mashariki hawajaitambua vya kutosha.

Salt Lake nako kuna jambo la kuzingatia. Hekalu lilifungwa tarehe 29 Desemba 2019 kwa ukarabati, na ziara za wazi zimepangwa kufanyika kuanzia Aprili hadi Oktoba 2027. Kazi ya kupokea umati wa namna hiyo inahitaji mikono mingi.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kusanya vitu vifuatavyo na uviweke pamoja kabla ya kugusa fomu yoyote:

- kibali cha hekaluni ambacho hakijaisha muda wake;
- hati ya kusafiria itakayodumu muda wote wa huduma na miezi kadhaa zaidi;
- kumbukumbu ya uanachama wako katika Kanisa, yenye tarehe ya ubatizo;
- cheti cha ndoa cha serikali, kwa wanandoa, kwa sababu ndoa ya kimila isiyosajiliwa itakukwamisha ubalozini;
- taarifa za daktari na za daktari wa meno;
- makadirio ya fedha ya mwezi kwa mwezi;
- orodha ya ujuzi wako, iliyoandikwa kwa undani kama itakavyoelezwa katika hatua ya tano.

Kuhusu kibali, mambo yamekuwa rahisi. Zamani waumini wetu wa Afrika Mashariki walisafiri hadi Johannesburg ili kupokea endaumenti, yaani ibada ya hekaluni ya kufanya maagano. Hekalu la Kinshasa liliwekwa wakfu Aprili 2019, na la Nairobi tarehe 18 Mei 2025. Kama hujapokea endaumenti, panga safari hiyo mapema, maana mmisionari huipokea kabla ya kuanza huduma.

Hatua ya 1: Zungumzeni nyumbani kwanza

Kabla ya kumwona kiongozi yeyote, mume na mke wakae chini wajibu maswali ya kawaida kabisa. Nani atasimamia shamba? Nani atakusanya kodi ya vile vyumba vya kupangisha? Mzazi aliyebaki kijijini atapelekwa hospitali na nani, na kwa fedha gani? Karibu kila aliyekatiza huduma yake njiani alikatizwa na mojawapo ya mambo haya, si kwa kukosa imani. Majibu yaandikwe, na watoto wakubwa wayasikie wakiwa wote pamoja, ili asitokee mmoja wa kudai baadaye kwamba hakushirikishwa.

Hatua ya 2: Mwone askofu au rais wa tawi

Maombi yote hupitia kwa askofu au rais wa tawi, kisha kwa rais wa kigingi, yaani kiongozi wa kundi la kata kadhaa, au wa misheni. Mweleze nia yako, hali ya afya na hali ya fedha bila kuficha. Usianze kwa kuandikia ofisi ya Salt Lake moja kwa moja, kwa sababu utarudishwa kwa askofu yuleyule, nawe utakuwa umepoteza wiki kadhaa.

Hatua ya 3: Tambua ni huduma ya aina gani unayoomba

Zipo njia tatu ambazo waombaji huzichanganya.

Ya kwanza ni huduma ya wamisionari wazee wanaohama makwao na kuishi karibu na eneo la kihistoria kwa muda wote wa wito wao. Hiyo ndiyo inayozungumziwa zaidi hapa.

Ya pili ni huduma ya kutoka nyumbani, ambapo mtu hubaki kwake na kwenda kuhudumu kwa saa kadhaa kila wiki. Ndugu zetu waishio Salt Lake, ambako kuna matawi yanayoabudu kwa Kiswahili, wangefanya vyema kuifikiria njia hii kwanza, kwa kuwa haihitaji viza mpya wala nyumba nyingine, na wanaweza kuendelea na kazi zao za mshahara.

Ya tatu ni misheni ya kawaida ya vijana. Kijana hachagui mahali, na hakuna sanduku la kuandika kwamba angependa Nauvoo. Hata hivyo dada wengi kutoka mataifa mbalimbali wamepangiwa uwanja wa hekalu la Salt Lake, ambako kila mmoja huvaa kibandiko chenye bendera ya nchi yake kando ya jina. Kufikia Novemba 2025 umri wa chini wa dada kuanza misheni umeshushwa kutoka miaka 19 hadi 18, sawa na wa wavulana, kwa hiyo wazazi wenye mabinti wanaomaliza kidato cha nne au cha sita wasiendelee kupanga kwa kufuata umri wa zamani.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya fedha kwa ukweli

Wamisionari wazee hujigharimia. Hakuna mshahara, na hakuna posho ya kutuma nyumbani. Katika makadirio yako weka makazi, chakula, bima ya afya, simu na intaneti, mavazi ya baridi, dawa unazotumia kila siku, na usafiri wa huko uendako. Hilo la mwisho husahaulika sana. Palmyra na Nauvoo ni miji midogo isiyo na matatu wala daladala, na kufika dukani kunaweza kuhitaji gari. Uliza mapema kama eneo unalolipenda linatoa gari kwa wamisionari au kila mmoja huja na lake, na kama leseni yako ya nyumbani itakubalika katika jimbo hilo.

Bima ya afya usiichukulie kama nyongeza. Kulazwa hospitali ya Marekani kwa siku chache bila bima kunaweza kumeza akiba ya miaka mingi.

Tahadhari: usikope ili kwenda misheni, na usijenge bajeti juu ya ahadi za watoto walioko ughaibuni ambazo hazijaandikwa popote. Ahadi hutolewa kwa moyo mweupe, lakini mtoto naye ana kodi yake na karo za wanawe. Kama fedha hazitoshi kwa miezi 18, jadili na askofu uwezekano wa muda mfupi zaidi au wa huduma ya karibu na nyumbani, mradi ukumbuke kile kipengele cha nauli kilichotajwa juu.

Hatua ya 5: Jaza maombi, na ueleze unachoweza kufanya

Maombi hujazwa mtandaoni kupitia kiungo anachokupa askofu. Wamisionari wazee huruhusiwa kutaja mapendekezo yao, lakini wanaotia saini wanakubali kwamba wito unaweza kuwa wa mahali pengine kabisa. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mwombaji huandika Nauvoo kwa herufi kubwa, kisha sehemu ya ujuzi anaandika kwamba anapenda historia ya Kanisa. Kila mwombaji anapenda historia ya Kanisa, kwa hiyo sentensi hiyo haimsaidii anayepanga nafasi.

Fikiria kazi inayofanyika pale. Huko Nauvoo wageni huonyeshwa namna watu wa miaka ya 1840 walivyooka mikate, walivyofinyanga na kuchoma matofali, walivyochapa magazeti na walivyofua chuma. Katika karakana ya mhunzi, mmisionari hukunja msumari wa kwato za farasi ukawa pete mbele ya macho ya wageni. Kuna mikokoteni inayovutwa na farasi, na kuna ng'ombe wa kukokota ambao lazima mtu awalishe. Sasa linganisha maombi haya mawili. Mmoja ameandika: «Tunapenda kutumikia na tuna ushuhuda wenye nguvu.» Mwingine ameandika: «Mume ni seremala aliyezoea zana za mkono, na amewahi kuchoma matofali kwa tanuri la kuni. Mke ni fundi cherehani, anashona na kurekebisha magauni marefu. Wote tumefuga ng'ombe. Tunazungumza Kiingereza, Kiswahili na Kifaransa.» Huyu wa pili ametaja mambo ambayo Wamarekani wengi wa rika lake hawakuyafanya hata siku moja. Mkulima wa Kitale au mhunzi wa Kisii asijidharau katika fomu hii.

Taja pia lugha zako zote na kiwango cha Kiingereza chako bila kutia chumvi. Ziara nyingi huongozwa kwa Kiingereza, na mtu asiyekimudu anaweza kupangiwa bustani, matengenezo au ofisi, kazi ambazo zina heshima yake. Kama uko tayari kuongoza ziara za video kwa Kiswahili, andika hivyo na uulize kama nafasi ipo.

Hatua ya 6: Fanya uchunguzi wa afya mapema

Meno yatengenezwe kabla, si baada. Presha na sukari zipimwe mara kadhaa ili daktari aandike hali yako ya kawaida badala ya kipimo cha siku moja ya wasiwasi. Usifiche ugonjwa, kwa kuwa utagundulika ukiwa mbali na daktari anayekufahamu. Eleza pia kama magoti hayapandi ngazi, maana majengo mengi ya karne ya 19 yana ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, nayo hayawezi kuwekewa lifti bila kuharibiwa.

Hatua ya 7: Subiri wito, kisha shughulikia viza

Tangu mwishoni mwa 2018 wito husomwa mtandaoni, hivyo hakikisha barua pepe uliyoandika ni yako na unakumbuka nenosiri lake. Kijana wa mtaani aliyekufungulia anwani ile asiwe ndiye pekee anayeweza kuifungua.

Kwa huduma ndefu nchini Marekani, viza inayotumika kwa watumishi wa dini ni ya daraja la R-1. Huanza kwa Kanisa lililoko Marekani kuwasilisha maombi kwa idara ya uhamiaji ya huko, ndipo wewe uende kwenye usaili ubalozini. Sharti mojawapo ni kwamba uwe mwanachama wa dhehebu hilo kwa miaka miwili kamili kabla ya maombi hayo kuwasilishwa, na hapo ndipo kumbukumbu ya ubatizo inapokuwa na kazi. Masharti ya kuingia Marekani kwa raia wa baadhi ya nchi za Afrika yamebadilika zaidi ya mara moja tangu 2025, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa nchi yako wiki ileile unayojaza fomu.

Tahadhari: usiende kwa viza ya utalii ukidhani utaibadilisha ukifika. Usimlipe wakala yeyote anayedai ana njia ya mkato. Na usiuze gari, usivunje mkataba wa nyumba, usiage kanisani, mpaka viza iwe imegongwa katika hati yako ya kusafiria.

Hatua ya 8: Soma maandiko kwa kufuata mahali

Wengi wetu tumeyasoma Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo ya Kanisa, sehemu kwa sehemu bila kujali yalipotolewa. Mwongozaji wa wageni anahitaji kuyapanga upya kichwani. Ukiitwa Ohio, soma sehemu ya 76 ukijua kwamba ilitolewa Februari 1832 katika nyumba ya John Johnson huko Hiram, na sehemu ya 89 ukijua kwamba Neno la Hekima lilitolewa Februari 1833 katika duka la Newel K. Whitney, ambako Shule ya Manabii ilikutana. Sehemu ya 110 ni ya Hekalu la Kirtland, Aprili 1836. Ukiitwa Missouri, sehemu za 121 hadi 123 ziliandikwa kutoka Gereza la Liberty. Ukiitwa Nauvoo, akina mama watapenda kujua kwamba Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake wa Kanisa, ulianzishwa tarehe 17 Machi 1842 katika chumba cha juu cha Duka la Matofali Mekundu, mojawapo ya majengo yaliyonunuliwa mwaka 2024. Kwa Palmyra, kisome tena Kitabu cha Mormoni, ambacho tumekuwa nacho chote kwa Kiswahili tangu mwaka 2000, kisha usome Historia ya Joseph Smith katika Lulu ya Thamani Kuu.

Hatua ya 9: Fanya mazoezi ya kuongoza ziara

Anayekariri maelezo neno kwa neno huchosha wageni, na akikatizwa kwa swali moja hupotea njia. Fanya hivi. Chagua chumba kimoja cha nyumba yako, alika majirani wasio wa imani yetu, uwaeleze historia ya nyumba hiyo kwa dakika kumi. Angalia ni lini macho yao yanahamia kwenye simu. Hapo ndipo ulipozungumza kupita kiasi.

Kanuni yangu ni kwamba kitu kinachoonekana kitangulie, na ushuhuda ufuate, tena kwa ufupi. Chukua mfano wa jengo la Grandin huko Palmyra, mahali nakala 5,000 za kwanza za Kitabu cha Mormoni zilipochapishwa na kuanza kuuzwa Machi 1830. Anza na mashine ya kuchapia: herufi za risasi zinazopangwa moja moja kinyumenyume, wino unaopakwa kwa mkono, wenzo unaovutwa kwa nguvu za mabega, na karatasi kubwa inayotoka ikiwa na kurasa 16 ambazo bado hazijakunjwa. Kisha mwambie mgeni kwamba gharama ilikuwa dola 3,000, na kwamba Martin Harris aliweka rehani shamba lake ili mchapaji akubali kuanza. Mgeni yeyote aliyewahi kuweka shamba rehani benki ataelewa uzito huo bila wewe kuhubiri. Ndipo unaposema, kwa sentensi moja au mbili, kile unachokiamini wewe mwenyewe.

Kwa ziara za video, jifunze kushika kamera bila kutikisika, kutembea polepole, na kunyamaza pale wageni wanapotazama kitu.

Hatua ya 10: Jiandae kwa baridi

Palmyra na Kirtland hupata theluji nyingi kwa sababu ya maziwa makuu yaliyo karibu, na upepo wa Mto Mississippi unaopita kando ya Nauvoo hauna huruma. Usinunue makoti Gikomba au Kariakoo kwa kubahatisha, ila viatu imara visivyopitisha maji na fulana za ndani unaweza kuvitafuta huku kwa bei nafuu. Koti kubwa linunue kule. Uliza kama eneo lako linatumia mavazi ya karne ya 19, na nani huyagharimia.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Wito umekuja wa mahali ambapo hukupaomba.* Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyosema. Kama kuna sababu ya kweli ya afya au ya familia inayozuia, mweleze rais wa kigingi mara moja, kabla ya kukubali wito. Kama sababu ni kwamba moyo ulikuwa Nauvoo, kubali wito uliopewa. Waliohudumu wanaweza kuomba tena wakimaliza.

*Viza imechelewa kupita tarehe ya kuanza.* Usinunue tiketi nyingine kwa kubahatisha. Wasiliana na ofisi inayoshughulikia safari za wamisionari kupitia kwa rais wa kigingi, na uulize kama unaweza kupangiwa huduma ya muda nchini mwako wakati ukisubiri.

*Programu imebadilika ukiwa umeshaanza.* Mwaka 2020 ulionyesha kwamba jengo linaweza kufungwa kwa siku moja na mmisionari akapewa kazi nyingine kabisa. Majengo ya kale pia hufungwa kwa ukarabati, na saa za kufungua hupunguzwa majira ya baridi. Ukihamishiwa ofisini au kwenye ziara za video, hujashushwa cheo.

*Mgeni anataka ubishani kuhusu ndoa ya wake wengi.* Usikane yaliyotokea. Sema kwa ufupi kwamba ndoa hizo zilianza wakati wa Joseph Smith na kwamba Kanisa liliziachilia mbali kwa Tamko Rasmi la 1 la mwaka 1890, kisha urudi kwenye chumba mlichomo. Akisisitiza, mwelekeze kwa msimamizi wa eneo.

*Mgeni anakuuliza wewe, Mwafrika, kuhusu watu weusi na ukuhani.* Utaulizwa, tena na watu wa nia njema, na ni vibaya kulisikia swali hili kwa mara ya kwanza ukiwa mbele ya kundi. Jua mambo ya msingi. Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa kwenye ukuhani mwaka 1836 na akaishi Nauvoo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1850, wanaume weusi walizuiwa kupokea ukuhani, na wanaume na wanawake weusi walizuiwa ibada za hekaluni, hadi ufunuo wa Juni 1978 ulioandikwa katika Tamko Rasmi la 2. Jane Manning James na jamaa zake walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita elfu moja kufika Nauvoo mwaka 1843 baada ya kunyimwa nafasi katika mashua, naye akafanya kazi katika nyumba ya Joseph Smith, ile Mansion House ambayo sasa wamisionari wetu huongoza wageni ndani yake. Alifariki mwaka 1908 bila kuruhusiwa kupokea endaumenti aliyoiomba kwa miaka mingi. Ukisimama katika nyumba hiyo, simulia habari zake zote, pamoja na sehemu chungu. Si lazima uitetee kila hatua ya historia ili uwe mmisionari mwaminifu, wala si lazima uzungumze kwa niaba ya bara zima.

*Wanandoa wamepangiwa kazi tofauti na wameanza kukwaruzana.* Kukaa pamoja saa 24 katika chumba kidogo, mbali na watoto na marafiki, ni jambo jipya hata kwa waliooana miaka 40. Ombeni siku moja ya wiki ya kutoka nje ya mji, na kila mmoja awe na rafiki wa kuzungumza naye miongoni mwa wamisionari wengine.

*Msiba umetokea nyumbani.* Hili lipangwe kabla ya kuondoka. Kubalianeni na ndugu ni nani atakayewawakilisha kwenye mazishi na michango, na ni misiba ipi itakayowafanya mrudi. Wekeni kando fedha ya nauli ya dharura ambayo haitaguswa kwa jambo jingine. Habari ikifika, zungumzeni na rais wa misheni kabla ya kununua tiketi, na mwulize afisa anayehusika na viza kama mkitoka mtaweza kuingia tena kwa viza ileile au itabidi kuomba upya.